Mpiga Kengele na Mbwa Aliyetaka Salamu

Kengele aliyoipiga ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi nyuma ya kigango chetu, na aliigonga kwa kipande cha nondo. Sisi hata hivyo tulimwita Mpiga Kengele, na katika miaka yote niliyokuwa jirani yake sikumsikia mtu akimwita vinginevyo, mkewe akiwemo. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, padre alipolitaja kanisani, nikageuka nyuma kumtafuta huyo mgeni ni nani.

Saa hakuwa nayo. Siku ya jua alitazama kivuli cha mkaratusi wake. Siku ya ukungu, na kule vilimani Iringa ukungu ukija unakaa kama mgeni asiye na haya, alisikiliza tumbo lake. Njaa ya kwanza ilikuwa saa ya shule, njaa ya pili ilikuwa adhuhuri. Kwa hiyo siku aliyokula vizuri asubuhi watoto walichelewa kutoka darasani, na siku mkewe alipougua akashindwa kupika, tulisali sala ya mchana kabla umande haujakauka. Hakuna aliyelalamika mbele yake, kwa sababu ukilalamika angekueleza utaratibu.

Utaratibu ndilo lilikuwa neno lake. Kumenya viazi kuna utaratibu, kupiga chafya kuna utaratibu, kufunga mbuzi kuna utaratibu, na yeye aliujua wote. Wakati huohuo shamba lake lilikuwa fujo tupu: maharage yamepandwa ndani ya viazi, viazi ndani ya mahindi, na katikati ya yote mche mmoja wa kahawa ambao mwenyewe hakukumbuka umefikaje. Alivaa koti la jeshi lililomfika vifundoni, akalifunga vifungo vyote hata jua likiwaka, ingawa jeshini hajawahi kukanyaga. Koti alilinunua mnadani mjini. Ukimuuliza alipigana wapi, alijibu kwamba hayo si mambo ya kuzungumza na wanawake.

Mimi niliolewa kule nikitokea Rungwe, msichana mwenye mdomo na haraka. Mume wangu alikuwa utingo wa lori la kwenda Mbeya, siku nyingi hayupo, kwa hiyo aliyenifundisha dunia ya pale ni mama mkwe wangu. Somo lake la kwanza lilikuwa salamu. Kwetu Unyakyusa tunasalimiana, tena kwa kuinama vizuri, halafu kila mtu anashika njia yake. Kwa Wahehe nilikuta salamu ina urefu wa safari. "Kamwene" ni mlango tu. Ukishaingia unaulizwa umeamkaje, nyumba imeamkaje, watoto mmoja mmoja, ng'ombe, kuku, mahindi, mvua. Mama mkwe akaniambia nijibu kila kitu na nisikate njiani, maana anayekata salamu huku anahesabiwa ana jambo moyoni.

Kwa salamu ndefu Mpiga Kengele hakuwa na mpinzani. Alianza ukiwa bado ng'ambo ya bonde, akaendelea mpaka mnapishana, na mkishapishana aliendelea akiwa amekupa mgongo. Aliwauliza wazazi wangu ambao hajapata kuwaona, na migomba yao, na jirani zao. Siku moja nilitoka kuchuma majani ya maboga nikiwa nimeinjika maharage, nikakutana naye njiani, na niliporudi chungu kilikuwa cheusi. Nilimchukia wiki nzima, na kila siku ya wiki hiyo alinisalimia.

Mtu mmoja tu hakumsalimia kabisa, naye ndiye jirani aliyepakana naye shamba kwa shamba. Huyo tulimwita Mgema, kwa kuwa ulanzi wake ulikuwa mtamu kuliko wote pale kilimani. Kwa asiyejua, ulanzi ni pombe inayotoka yenyewe kwenye mianzi michanga wakati wa mvua; unakata ncha, unafunga kikopo cha mwanzi, asubuhi unakuta umejaa. Ugomvi wao ulianza Jumapili moja ambapo wanaume walikuwa wamekaa kwa Mgema wakinywa, na Mpiga Kengele akaamua kuigonga kengele mapema sana ili awafukuze waende kanisani. Mgema akasema, mbele ya katekista, kwamba kengele ile haijui saa kwa sababu mpigaji wake naye hushinda kwenye mianzi. Watu walicheka. Mpiga Kengele hakucheka, na tangu siku ile wakaacha kusalimiana.

Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa ni kazi ngumu kiasi gani, kule, kutomsalimia jirani. Ilibidi wachunguliane kwanza. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, aliingia kwenye mahindi akajifanya anapalilia, hata kama shamba si lake. Nimemwona Mgema kwa macho yangu akipalilia shamba letu.

Hata hivyo walikuwa wakisema, kwa njia ya mbwa. Ni desturi ya kule kumpa mbwa jina la kumfikia jirani. Mpiga Kengele alipopata mtoto wa mbwa mwaka ule wa ugomvi alimwita Wamesema. Haukupita muda Mgema naye akapata wake, mwekundu, akamwita Waache. Basi jioni, wakati wa kuwaita mbwa waje kula, ungesikia upande huu wa bonde, "Wamesema! Wamesema!" na upande ule, "Waache! Waache!" Mimi mgeni nilidhani ni wazee wawili wanaoshauriana jambo.

Na kitu kingine, nikiseme kabla sijaambiwa namsifu mno. Mpiga Kengele alikunywa ulanzi wa Mgema karibu kila siku ya msimu. Alimtuma mama mkwe wangu, kwa kunong'ona, na kibuyu kilichofunikwa kwa khanga. Mgema alikijua kile kibuyu. Alikijaza mpaka shingoni, tena kwa ule wa asubuhi ambao bado mtamu, kwa sababu alijua mwenye kibuyu anaumwa tumbo na ukali. Hakuna aliyesema neno, na kibuyu kiliendelea kwenda na kurudi.

Sasa huyo Wamesema. Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, kifua kipana, na kwa watu alikuwa mpole mpaka aibu. Mwizi angempapasa tumbo. Mwanangu Anyisile alijifunza kusimama kwa kumshika masikio. Lakini aone mbwa mwenzake, hata kwa mbali, hata mbwa mzee anayejiotea jua, nywele zilimsimama toka shingoni mpaka mkiani na hapo hakusikia lolote. Alipigana na mbwa wa kila nyumba. Waache ndiye aliyemchukia zaidi. Mama mkwe alisema si ajabu, mbwa amekua anaona bwana wake akivuta kamba na kukaza meno kila nyumba ya Mgema inapotokeza.

Mpiga Kengele alikuwa amejaribu kumrekebisha. Alimpiga kwa fimbo kila alipobweka, na mbwa akawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa kila akiona mbwa mwingine alijua na fimbo inakuja. Alimfunga kando ya njia ili azoee kuona wapitao, mbwa akang'oa nguzo akaondoka nayo. Alimpeleka kwa katekista amwombee, na wakati wa maombi Wamesema akamng'ata mbwa wa katekista.

Yote hayo yalikuwa kichekesho tu mpaka ule mwaka kichaa cha mbwa kilipoingia upande wa chini. Jumbe alituita akatangaza: bwana mifugo anakuja na sindano, kila mbwa aletwe kwenye josho la ng'ombe akiwa kwenye kamba, apigwe sindano, avishwe kibati shingoni. Mbwa atakayeonekana bila kibati atapigwa risasi. Na mbwa atakayeleta vurugu kwenye mstari atahesabiwa kwamba ana kichaa tayari, naye atapigwa risasi palepale, kwani askari atakuwepo.

Jioni ile Mpiga Kengele aliingia kwetu akaketi karibu na moto bila kumsalimia mtu. Ndipo tulipojua kwamba hali ni mbaya. Watoto wake walikuwa wameshaondoka wote kwenda kufanya kazi kwenye chai, mkewe alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake yeye yote ya siku, ambayo yalikuwa mengi, yalimwangukia yule mbwa. Alimpenda kwelikweli. Akamwambia mama mkwe, "Wataiua mbwa yangu."

Dawa ilipatikana kwa bahati. Asubuhi ya siku ya pili yake alikuwa upande wake wa kijito akiwa na Wamesema kwenye kamba, na mama mkwe alikuwa upande wetu na mbwa wa mume wangu, Simba, ambaye pamoja na jina lile aliogopa majogoo. Nywele za Wamesema zikaanza kuinuka. Lakini mama mkwe alikuwa ameshaita "Kamwene," na huwezi kuitwa "Kamwene" ukaacha kuitika. Mpiga Kengele akaitika, na kama kawaida yake akaendelea. Walisalimiana toka nyumba hadi ng'ombe, toka ng'ombe hadi mvua. Walipofika kwa migomba ya wazazi wangu, Wamesema alikuwa ameketi. Kisha akalala. Nadhani alichoka kungoja, kama nilivyochoka mimi siku ya maharage.

Mpiga Kengele alimtazama mbwa, akamtazama Simba ng'ambo, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe kuna utaratibu."

Toka siku hiyo ilikuwa shule. Mama mkwe alisimama na Simba mahali palepale, ng'ambo, kwenye umbali ambao Wamesema aliinua masikio tu bila kuinua nywele, na salamu ikaanza. Mama mkwe alimwamuru alegeze kamba. "Ukiikaza, unaiambia kuna vita," alisema, na yeye aliyekuwa na utaratibu wa kila kitu akatii kama mtoto. Mfukoni mwa koti alibeba ukoko wa ugali. Kila Wamesema alipomwacha Simba kwa macho na kumtazama bwana wake, alipewa kipande. Siku iliyofuata walisogea kidogo, mpaka kwenye bustani ya kabichi. Halafu mpaka kwenye jiwe la kufulia. Mbwa akiunguruma, hakupigwa, walirudi nyuma mpaka pale alipotulia jana, wakaanza upya toka "Kamwene." Mwishowe walifika ukingoni mwa kijito, Simba akitetemeka na Wamesema akitafuna ukoko.

Hapo Mpiga Kengele akaona Simba mmoja hatoshi. Akaanza kuwatafuta wenye mbwa wote wa kilimani, na hakuna aliyesalimika. Alimsubiri mtu njiani, akamsimamisha mbali, akamsalimia taratibu akisogea. Wanawake wa kwenda mashine ya kusaga wakaanza kupita njia ya chini, ndefu na yenye matope, ili wasikutane na lile koti. Wengine waliwafungia mbwa wao ndani. Katekista alisalimiwa Jumapili nje ya kanisa, yeye na mbwa wake aliyewahi kung'atwa, na kwa mara ya kwanza kengele ikawa imelia kwa wakati na ibada ikachelewa. Lakini mbwa alibadilika. Tulimwona akipita kati ya mbwa wa watu akiwa amelegea, anamtazama bwana wake usoni kuulizia ukoko, na sote tukasema risasi imemkosa.

Kisha mume wangu akarudi safari. Alikuwa amepitia hospitali ya Tosamaganga kung'olewa jino, na mdomo wake ulikuwa umejaa pamba. Simba alimkimbilia barabarani, wakawa wanakuja pamoja, na kwenye kona wakakutana na Mpiga Kengele na Wamesema. Mpiga Kengele akasema "Kamwene" na kungoja. Mume wangu, na pamba yake, akapunga mkono tu akapita. Niliyaona nikiwa uani. Wamesema alimtazama mtu, akamtazama mbwa wa mtu, akangoja kidogo kama anayempa nafasi ya kujirekebisha, halafu akamrukia Simba. Tulipowatenganisha, sikio la Simba lilikuwa limechanika na mume wangu ametema pamba yote.

Mpiga Kengele hakumgombeza mbwa. Alimgombeza mume wangu. Alitaka kujua tangu lini mtu anapita bila salamu, hata kama hana meno kabisa. Mama mkwe alimwacha amalize, akamketisha, ndipo akalisema jambo lenyewe. Mbwa huyu, alisema, hakufundishwa kuwazoea mbwa. Amefundishwa kwamba watu wakisalimiana hakuna ugomvi, na wasiposalimiana ugomvi upo. Na siku ya josho jumbe amesema tujipange kwa nyumba zinavyofuatana. "Sasa wewe nyuma yako atasimama nani?"

Tulikuwa tunajua wote. Mpiga Kengele alifunga kifungo cha juu cha koti, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akasema atasimama mwisho wa mstari. Mama mkwe akamwambia kwamba jumbe hataruhusu. Yeye akasema basi atamwambia Mgema asije. Tukamuuliza atamwambiaje mtu asiyemsemesha. Aliondoka amekasirika, na jioni hatukusikia "Wamesema" ikiitwa. Mbwa alikuwa amefungiwa ndani naye.

Asubuhi ya sindano aliniomba nisimame kati yao. Aliniomba kwa heshima, akaniita Mama Anyisile, maana kabla ya hapo niliitwa tu "huyu wa Rungwe." Nikakubali. Kwa hiyo kwenye josho mstari wetu ulikuwa hivi: mbele Mpiga Kengele na Wamesema, katikati mimi na Simba, nyuma Mgema na Waache. Askari mwenye bunduki alikuwa ameketi kwenye ukuta wa josho, anakula muhindi. Mbwa wa kilima kizima walikuwa wanabweka, kasoro mmoja.

Mmoja huyo alikuwa ametulia kwa sababu bwana wake alinisalimia mfululizo. Alinisalimia mpaka mwisho, akaanza tena. Nilimjibu kwamba watoto hawajambo, ingawa ninaye mmoja, na kuku hawajambo, na migomba haijambo. Nilipoishiwa maneno nikaanza kumsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," na mbwa akaipokea vilevile. Watu walikuwa wanatutazama. Tulikuwa tumebakiza mbwa wachache mbele yetu, nami nikaanza kuamini tutavuka.

Ndipo msaidizi wa bwana mifugo akapita kando ya mstari akikagua, akaliona sikio la Simba. Mbwa mwenye jeraha anatengwa, alisema, akaniambia nitoke. Nilimwambia ni jino la mume wangu. Hakuelewa, na sasa nikifikiri simlaumu. Akashika kamba akanitoa.

Wakabaki wao wanne. Waache alinyoosha shingo. Nywele za Wamesema zikaanza kupanda, polepole, toka mkiani kwenda juu, na akaanza kile kimuungurumo cha kifuani. Askari aliacha kutafuna akaangalia upande wetu. Mpiga Kengele alikuwa ametazama mbele, shingo imekakamaa, na niliona mkono wake unaanza kuizungusha kamba kwenye ngumi. Kisha akailegeza. Akageuka mwili mzima, na lile koti, akasema:

"Kamwene."

Mgema alitazama mawingu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye macho ya usingizi, na nilidhani hatajibu. Sijapata kumwomba Mungu kwa bidii namna ile kwa ajili ya mbwa wa mtu. Halafu akasema, "Kamwene."

"Mmeamkaje?"

"Tumeamka."

"Watoto?"

"Wazima. Mkubwa yuko Mbalizi, kazi ya barabara."

"Ng'ombe?"

"Wapo."

Ilikuwa inakwenda kwa njia yake yenyewe, kama salamu za kule zinavyokwenda, mdomo ukitangulia. Kwa hiyo Mpiga Kengele akauliza na kinachofuata: "Na mama yao?"

Palepale akajua alichokisema. Mke wa Mgema alikuwa amefariki msimu wa baridi uliopita. Tulikwenda msibani wote, kilima kizima, isipokuwa mtu mmoja. Mpiga Kengele alifumba mdomo, na mbwa, aliyeanza kuketi, akasimama tena.

"Mama yao unajua mwenyewe," Mgema akasema. "Wewe ndio uliigonga kengele."

"Niliigonga."

"Uliigonga muda mrefu siku ile."

"Niliigonga mpaka mkono ukakataa."

"Niliisikia," Mgema akasema. "Nilijua ni wewe unakuja kwa njia hiyo."

"Pole, bwana."

"Asante."

Nilitazama chini nikaona Wamesema ameketi, na Waache anamnusa sikio. Bwana mifugo alikuwa anawaita wasogee, maana mbele yao palikuwa wazi na nyuma watu wanapiga kelele, lakini walikuwa bado hawajafika kwenye mahindi wala mvua, na hakuna hata mmoja aliyesogea mpaka walipomaliza. Mbwa wote wawili walipigwa sindano wakiwa wameketi. Askari alirudi kwenye muhindi wake. Mimi nililia, tena mbele za watu, nikasema ni moshi, na hapakuwa na moto.

Usidhani Mpiga Kengele alikiri kwamba wamepatana. Alituambia ni mazoezi ya mbwa. Kila jioni, kwa ajili ya mbwa, ilibidi akutane na Mgema mpakani na kusalimiana toka mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa mbwa anahitaji muda wa kutulia, ilibidi waketi. Na kwa kuwa waliketi kwenye mianzi, kibuyu kilikuwa karibu. Kengele ya jioni ikazidi kuchelewa. Katekista alipomuuliza, alijibu kwamba kufundisha mbwa kuna utaratibu. Mama mkwe alifurahi kwamba hatumwi tena, ingawa nadhani alikikosa kidogo kile kibuyu, maana hakikupata kufika kwa mwenyewe kikiwa kimejaa.

Baadaye mume wangu alipata udereva, akataka kuwa karibu na kazi, tukahamia Mbalizi. Mama mkwe alibaki kilimani na kututumia habari kwa watu wa malori. Waache akafa kwa uzee, alituambia. Halafu miguu ya Mgema ikaharibika, hakuweza tena kupanda kwenda shambani, na mwanawe mkubwa akaenda kumchukua akamleta Mbalizi, nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilimpelekea uji mara kwa mara. Aliketi nje mchana kutwa akitazama barabara, na hakupenda ndizi zetu.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaishia siku lori moja liliposimama sokoni na nikaliona koti kabla sijamwona mtu. Alishuka kinyumenyume, akainua mikono, na utingo akampa mbwa. Wamesema alikuwa amekuwa mweupe uso mzima. Jicho moja lilikuwa na ukungu, na alipopiga miayo niliona meno mawili. Walikuwa wamelala njiani, wametikiswa na barabara yote ile ya vumbi. Tulisalimiana sokoni pale, kikamilifu, mpaka nyanya zangu zikaanza kukanyagwa, na ndipo nikamuuliza kimemleta nini.

"Mbwa yangu imesahau," akasema. "Nimeileta ifanye mazoezi."

Nikamwambia Waache amekufa. Akasema anajua, yeye ndiye aliyechimba shimo. Nikamwambia kwamba mbwa huyu hana hata meno. Alinitazama kwa ukali wake wa zamani na kuniuliza kama ninamjua mbwa wake kuliko yeye. Nikabeba kikapu changu nikatangulia.

Tulipofika mahali ambapo nyumba inaonekana, akasimama. Mgema alikuwa nje kwenye kiti chake, blanketi magotini. Mpiga Kengele alilegeza kamba, ambayo ilikuwa imelegea, akaita kutoka palepale, kwa sauti aliyoizoea ya kuvuka bonde, na watu wa barabarani wakageuka. Mgema aliinua kichwa. Akaitika. Wakaenda hivyo, mmoja ameketi na mwingine anasogea, nyumba, watoto, ng'ombe, mahindi ambayo Mgema hakuwa nayo tena, mvua ya kule na mvua ya huku. Wamesema alilala mara mbili njiani, ikabidi aamshwe. Walipofika mbele ya kiti salamu ilikuwa imekwisha, na hakuna kati yao aliyejua la kufanya.

Mgema aliinama akampapasa mbwa kichwani. "Mbwa yako imezeeka sana, bwana."

"Ndio maana nimewahi," Mpiga Kengele akasema. "Ikifa, nitakuja na nini?"

Mgema aliendelea kumpapasa mbwa. "Utakuja na miguu," akasema. "Mimi sina. Wewe unayo."

Mpiga Kengele alifungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja mpaka cha mwisho, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akalivua, akalitandika chini kando ya kiti, akaketi juu yake. Mimi nikaingia ndani kutafuta maji ya mbwa.